Kitanda cha anayelala ubavu: kisa cha nyumba ya kusubiria kujifungua mkoani Mtwara

Jina la kituo, kijiji, karakana na wahusika wote yameondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mwandishi alishiriki kama mshauri wa usanifu.

Usuli

Kituo kimoja cha afya mkoani Mtwara kina nyumba ya kusubiria kujifungua. Mama wa kijiji cha mbali huja wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, akakaa hapo na msindikizaji wake, ili uchungu ukianza wodi iwe hatua chache tu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, mvua zinapoharibu barabara za vijijini, nyumba hiyo hujaa.

Vitanda vilikuwa vya chuma, vile vya wavu wa springi, vimechoka. Juu yake godoro la inchi 4 ndani ya kava la rekisini lililovutwa likabana. Muuguzi wa zamu ya usiku akipita na tochi aliwakuta wengi wamelala chini kwenye mkeka, kitandani wameweka mabegi. Wengine waliomba ruhusa ya kurudi nyumbani "mara moja tu", uchungu ukawakutia huko huko. Hilo ndilo lililomfanya muuguzi mfawidhi aandike barua ya kuomba vitanda. Mama akikimbia kitanda kibovu, nyumba nzima inakosa maana yake.

Fedha zilipatikana za chumba kimoja. Kazi ikapewa karakana ya mjini Mtwara yenye seremala na fundi wa kuchomelea, na kijana mmoja aliyesomea uchoraji wa kompyuta akaingizwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na wazo la kuvijaribu vitanda kabla ya kukata mbao.

Mabishano ya mwanzo

Kamati ya kituo ilikuja na jibu tayari: godoro la inchi 10, gumu, "hai densiti". Imani kwamba godoro gumu ndilo dawa ya mgongo ina mizizi mirefu, na haiko Mtwara pekee. Ndiyo maana jaribio lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2003 lilifaa kutajwa kikaoni. Watu wazima 313 wa Hispania wenye maumivu sugu ya kiuno waligawiwa magodoro, wengine gumu, wengine la ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia la ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi. Hawakuwa wajawazito, kwa hiyo hatukuweza kuhamisha matokeo yao moja kwa moja, lakini yalitosha kuifungua mada iliyokuwa imeshafungwa.

Jambo la pili lilihusu neno lenyewe la dukani. Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, kilo kwa mita ya ujazo. Inakuambia sponji itadumu muda gani kuliko inavyokuambia itabonyea kiasi gani. Kuna sponji nzito iliyo laini, na nyepesi iliyo ngumu. Muuzaji anayekuuzia ugumu kwa jina la densiti huenda hakudanganyi kwa makusudi, naye kaambiwa hivyo hivyo na aliyemletea.

Tukatengeneza kipimo chetu. Seremala alikata sahani ya plaiwudi ya kipenyo cha sentimita 20, akaiweka juu ya kipande cha sponji sakafuni, juu yake dumu la maji la lita 20, na rula imesimamishwa pembeni. Kampuni za sponji hupima kwa namna hiyo hiyo, ila zina mashine: sahani hubonyezwa mpaka izame robo ya unene, na nguvu iliyotumika ndiyo namba ya ugumu. Dumu letu lilionyesha kitu ambacho hakuna mwanakamati aliyekitarajia. Sponji mbili zilizouzwa kwa jina moja zilipishana waziwazi; moja dumu liliizamisha karibu theluthi ya unene, nyingine haikufika hata nusu ya hapo.

Kwa nini mwili wa kompyuta

Ujauzito ukishapita wiki 28, mama hushauriwa aanze usingizi akiwa amelala ubavu, wa kushoto au wa kulia. Akilala chali, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na tafiti za New Zealand, Australia na Uingereza zimehusisha ulalaji wa chali katika miezi ya mwisho na hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni. Kwa hiyo kitanda cha nyumba hii kinamhusu mtu anayelala ubavu, na hapo hesabu hubadilika. Anayelala chali uzito wake umetandazwa. Anayelala ubavu husimamia bega na nyonga, kiuno kikibaki hewani. Sponji ikiwa ngumu, bega halizami na shingo inapinda. Ikiwa laini mno, nyonga inazama na uti wa mgongo unapinda upande wa pili. Tumbo nalo linavuta mbele.

Kujaribu hayo kwa mbao na sponji halisi kungekula fedha yote kabla ya kitanda cha kwanza. Kwenye kompyuta unaweza kumlaza mtu yuleyule juu ya vitanda kumi, ukaangalia uti umekaaje na msukumo umekusanyika wapi. Programu hukigawa kitu vipande vidogo vidogo, ikapiga hesabu ya jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani yake. Kwa umbo la mwili tulitumia MakeHuman, kwa hesabu tukatumia CalculiX. Zote ni za bure. Ipo miili ya kidijitali ya hali ya juu zaidi, yenye mifupa na viungo vya ndani, kama THUMS ya Toyota iliyoanza mwaka 2000 kwa ajili ya ajali za magari na ambayo tangu Januari 2021 hutolewa bure. Ila programu ya kuiendesha ni ya kulipia na kompyuta yake si ile inayokaa meza moja na ndoo ya gundi ya mbao.

Kuutafuta mwili wenyewe

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito kuliko wote walivyodhani.

Miili ya kidijitali haitoki hewani. SMPL, mojawapo ya miundo inayotumika sana tangu 2015, ilijifunza maumbo kutokana na upimaji mkubwa wa CAESAR, ambao watu wake walikuwa wa Marekani, Kanada, Uholanzi na Italia. Mama wa Tandahimba hayumo. MakeHuman inakupa vitufe vya kusogeza kimo, upana na tumbo, lakini umbo linalotoka ni ngozi tupu, halina uzito. Uzito unauweka wewe, na kijana wetu aliuchukua kwenye jedwali linalofundishwa vyuoni: kichwa na shingo asilimia 8, kiwiliwili karibu nusu ya mwili, kila paja asilimia 10. Sehemu kubwa ya namba hizo inarudi kwenye kazi ya mwaka 1955 ya Marekani, iliyopima miili 8 ya wanaume waliokufa, wengi wao wazee. Tungekuwa tunamtengenezea kitanda mama wa wiki ya 37 kwa uzito wa marehemu wa kiume.

Ikaamuliwa kupima. Muuguzi ndiye aliyepima, mlango umefungwa, mama amevaa khanga zake, na kila mmoja aliulizwa kwanza na aliyekataa aliachwa bila kuulizwa sababu. Vipimo vilikuwa vichache: kimo, upana wa mabega, upana wa nyonga, mzunguko wa tumbo, urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Uzito wa mwanzo wa ujauzito ulisomwa kwenye kadi ya kliniki, wa sasa ukasomwa kwenye mizani, na tofauti ikaongezwa hasa kiwiliwilini. Kwa mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida, ongezeko linalopendekezwa mpaka mwisho ni kilo 11.5 hadi 16, na si yote mtoto. Kuna maji, damu, matiti na mafuta. Kulisukuma lote tumboni kungeleta picha ya uongo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa ubao mrefu ulioegemezwa kwenye mizani mbili, moja kila ncha. Mama alilala ubavu juu yake kwa dakika moja, tukasoma mizani zote mbili. Kwa tofauti yake unajua kitovu cha uzito kiko sentimita ngapi kutoka kichwani. Bibi mmoja msindikizaji alisimama mlangoni akitazama akasema, "Sista, mnampima mtu au mnapima korosho?" Walicheka, na baada ya hapo waliojitolea waliongezeka.

Tulipata miili mitatu ya kompyuta: mfupi, wa wastani, mrefu. Wote wajawazito.

Maamuzi na sababu zake

Kompyuta ilianza kwa kuondoa vitu, na nadhani hapo ndipo ilipolipa gharama yake. Godoro la inchi 10 la kamati lilianguka mapema. Kwa sponji ileile, kutoka inchi 4 kwenda 6 kulizuia nyonga kugusa chini. Kutoka 6 kwenda 10 nyonga ilizidi kuzama na uti ukazidi kupinda. Fedha ya inchi nne za juu ikabaki mfukoni.

Swali lililofuata lilikuwa tuupate wapi ulaini wa bega na nyonga. Njia ya kawaida ni kukata sponji na kupachika vipande laini. Muuguzi mfawidhi alikataa kwa sababu ya kawaida kabisa: godoro la hapa hugeuzwa juu chini na kichwa miguu kila linaposafishwa, na hakuna atakayekumbuka upande wa bega. Ulaini ukahamishiwa kwenye chaga.

Chaga ni mbao fupi inayolala juu ya fremu, na kubonyea kwake kunategemea unene kwa nguvu ya tatu. Chaga ya paini ya futi 3, upana sentimita 7 na unene sentimita 2, ukiiwekea kilo 15 katikati inashuka kama milimita 5. Ipunguze iwe sentimita 1.5, mzigo uleule unaishusha karibu milimita 12. Randa ya dakika chache inabadilisha kitanda. (Sheria hiyohiyo inaeleza kwa nini kitanda cha futi 6 kwa 6 kisicho na mhimili wa katikati hulegea haraka: chaga ikirefuka kutoka futi 4 hadi 6, inabonyea zaidi ya mara tatu.) Tukaweka chaga nyembamba penye bega na nyonga, nene penye kiuno. Miili mitatu ilionyesha kwamba nyonga ya mfupi na ya mrefu hazikai sehemu moja, hivyo eneo la nyonga likapewa chaga tatu badala ya mbili.

Fremu ilibaki ya chuma. Seremala alitaka mkongo, na mkongo ni mbao ya kusini hasa, lakini muungo wa mbao ni nyumba ya kunguni. Chuma kinapanguswa kwa jiki.

Kimo cha kitanda hakikuhitaji kompyuta hata kidogo. Vitanda vya zamani vilikuwa virefu kama vya wodini, mama akikaa ukingoni miguu inaning'inia. Kipimo cha nyuma ya goti kilitupa kimo kipya, na kikapunguzwa kidogo tu ili mabeseni na ndoo viendelee kuingia chini. Wauguzi walilalamika kwamba watainama sana wakati wa kupima mama; ikakubaliwa upimaji ufanyike chumba cha jirani chenye kitanda kirefu.

Mto wa kuweka katikati ya magoti ulipendekezwa na kompyuta na pia na kila mama aliyewahi kukunja khanga akaiweka hapo. Mguu wa juu ukidondokea mbele, unaizungusha nyonga nzima. Tulifikiria sufi, ambayo ipo na ni rahisi, lakini haifuliki. Ikashonwa mito ya makombo ya sponji ndani ya rekisini.

Wiki za mwanzo vitandani

Vitanda vilipofika, kina mama walivikalia wakavisifia. Kisha malalamiko yakaanza kuja, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye hesabu zetu.

La kwanza: bega. Kompyuta ilionyesha bega linazama vizuri, kina mama wakasema linauma vilevile. Tulilala wenyewe, tukabonyeza, hatukuona kosa, mpaka seremala alipofungua zipu ya kava. Sponji tupu ilipokea kiwiko chake chote, iliyofungwa haikukipokea. Rekisini iliyobana inabeba mzigo yenyewe kabla sponji haijafanya kazi. Kwenye kompyuta tulikuwa tumemlaza mama juu ya sponji tupu, godoro ambalo halipo katika kituo chochote cha afya.

La pili: chaga ya eneo la nyonga ilipasuka. Haikupasuka mtu akiwa amelala. Msindikizaji alipanda kitandani kufunga chandarua, akasimama kwa mguu mmoja juu ya chaga moja. Kilo 60 za mtu aliyesimama juu ya chaga moja ya sentimita 1.5 ni mzigo ambao paini yenye fundo haiuwezi. Hakuna aliyeumia.

La tatu lilikuwa joto. Mama mmoja kutoka Newala, ambako uwandani usiku huwa na ubaridi, alimwambia muuguzi: "Kitanda kizuri, sista, ila kinachoma. Chini kuna afadhali." Alikuwa amerudi kwenye mkeka. Inchi 6 za sponji zilizofungwa kwa rekisini, usiku wa Januari, huhifadhi joto la mwili lote.

Matokeo

Makava yalishonwa upya yakiwa na nafasi ya kutosha ili rekisini ilegee juu ya bega na nyonga. Usafi ulikuwa mgumu kidogo, maana mikunjo hukusanya uchafu, na wahudumu walilisema hilo wazi. Chaga nyembamba ziliongezwa idadi na kusogezwa karibu karibu, zisizo na fundo. Nguzo za chandarua zilichomelewa kwenye fremu na kamba zake zikashushwa mpaka mtu aliyesimama sakafuni afikie.

Muuguzi wa usiku anaripoti kwamba wanaolala kitandani sasa ni wengi kuliko wanaolala chini. Ganzi ya mkono na maumivu ya nyonga hutajwa kwa nadra. Kinachosifiwa kuliko vyote ni kimo: mama anaamka kwenda msalani mara kadhaa kwa usiku, na sasa anashuka mwenyewe bila kumwamsha msindikizaji. Wapo wanaoendelea kulala mkekani miezi ya joto, na kituo hakiwazuii.

Uchambuzi

Mwili wa kidijitali ulifanya vizuri kazi ya kulinganisha. Kitanda hiki dhidi ya kile, sponji ileile, mama yuleyule: hapo jibu lake liliaminika hata kama namba zenyewe zilikuwa na makosa, kwa kuwa makosa yalikuwa yaleyale pande zote mbili. Ulipoulizwa bega litazama milimita ngapi hasa, ulijibu kwa uhakika usiostahili. Anayetaka kuiga kazi hii aanze na maswali ya aina ya kwanza.

Vipimo vya mkono havikuwa nyongeza ya kompyuta. Bila kadi za kliniki na ubao wa mizani mbili, tungepata picha zenye rangi nzuri za mwili wa mtu mwingine. Na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu muuguzi ndiye aliyeishika. Kijana wa kompyuta, mwanamume, asingeruhusiwa kupima na asingestahili.

Makosa yote matatu yana asili moja: hesabu ilimjua mtu amelala, tuli, juu ya sponji. Kitanda cha kituo kinakaliwa, kinapandwa, kinapigwa jiki, kinalaliwa na mama pamoja na mtoto wake mkubwa aliyekataa kuachwa kijijini. Mengi ya hayo wauguzi waliyajua tangu siku ya kwanza. Waliulizwa kuhusu wanaolala, hawakuulizwa kuhusu siku nzima ya kitanda. Kuiweka rekisini kwenye hesabu kungekuwa kazi ya jioni moja. Mzigo wa mtu aliyesimama ni rahisi zaidi, unatosha kwa kalamu na karatasi. Joto ni gumu, linahitaji hesabu za aina nyingine, na sidhani kompyuta ingeshinda feni na dirisha lenye wavu.

Uamuzi wa kuuweka ulaini kwenye chaga ndio ninaoutetea kuliko wote. Sponji ikichoka inabadilishwa na ya duka lolote, chaga inabaki na maumbile yake, na fundi wa wilayani mwenye randa anaweza kuirekebisha bila kujua kitu kuhusu kompyuta. Hasara yake ni kwamba sponji ya inchi 6 huficha sehemu ya kazi ya chaga, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko ambayo sponji ya vipande ingetoa.

Yanayoendelea

Chumba cha pili kimeombewa fedha. Sponji iliyoletwa kwa ajili yake ilikuwa na jina lilelile na risiti ya duka lilelile, lakini dumu lilizama zaidi. Karakana sasa haipokei godoro kabla ya kulipima, na muuzaji ameshaambiwa kwamba lile ambalo dumu litazama kupita alama iliyochorwa kwenye rula litarudi kwa gari lilelile lililolileta. Kijana wa kompyuta anarudia hesabu zake, safari hii akiwa na kava, na miili yake mitatu imeongezwa wa nne: mama wa mapacha, ambaye muuguzi mfawidhi alimuulizia tangu mwanzo.